Nani Awachezaye Wafu? Uigizaji wa Historia katika Kitui na Makueni

Uhakiki wa sanaa za maonyesho katika Kiswahili umejengwa zaidi juu ya tamthilia iliyochapishwa. Tukitaja mchezo wa kihistoria, kinachotujia haraka ni Kinjeketile (1969) wa Ebrahim Hussein au Mukwava wa Uhehe (1979) wa M. M. Mulokozi, na mjadala wetu huwa ni jinsi mtunzi alivyoitumia historia, mahali alipoifuata na mahali alipoikiuka. Upo hata hivyo uigizaji mwingine wa historia usio na mtunzi mmoja wala matini iliyopigwa chapa, nao ndio unaotazamwa na watu wengi zaidi. Ni ule wa viwanjani, siku za sherehe za kitaifa, katika matamasha ya utamaduni na katika mashindano ya drama ya shule. Makala haya yanahusu uigizaji huo kama nilivyoukuta katika safari zangu za Kitui na Makueni. Hoja yangu ni kwamba jukwaa la sherehe huko Ukambani huigiza zaidi historia ya kukutana na mgeni, kwa sababu hiyo ndiyo iliyoandikwa. Ilhali historia ambayo wenyeji wenyewe wamehesabia miaka yao, yaani historia ya ukame na njaa, imebaki ndani ya ngoma ya kilumi, ambayo sisi wahakiki tumeiweka katika fungu la "ngoma za asili" na kuiacha huko.

Kabla ya kuingia Kitui, tuchukue kipimo kutoka mahali ambapo uigizaji wa viwanjani umekomaa kwa muda mrefu. Katika mji wa Alcoy, mashariki mwa Hispania, wenyeji huigiza kila mwaka, kwa kawaida tarehe 22 hadi 24 Aprili, mapigano ya mwaka 1276 kati ya Wakristo na Waislamu walioongozwa na Al-Azraq. Ngome ya mbao husimamishwa katika uwanja mkuu. Siku ya mwisho Wamori huiteka asubuhi kwa milio ya baruti, na Wakristo huirudisha jioni; kisha mtoto anayemwakilisha Mtakatifu George hutokea juu ya ngome akirusha mishale. Hakuna mtazamaji asiyejua mwisho wake. Jambo la kumshughulisha mhakiki liko kwingine. Wazao wa Waislamu hao walifukuzwa katika nchi ya Valencia mwaka 1609, kwa hiyo wanaovaa kilemba na kubeba upanga wa Wamori ni watu wa mji ule ule uliobaki baada yao, na mavazi ya upande wa Wamori ndiyo ya fahari zaidi. Aliyeshindwa huchezwa na mshindi, na huchezwa kwa mapenzi makubwa. Swali la nani awachezaye wafu, na kwa idhini ya nani, linazaliwa hapo.

Huku kwetu swali hilo limejibiwa kwa namna tofauti. Huko Makunduchi, Unguja, katika Mwaka Kogwa, wanaume hupigana kwa magomba ya migomba bila ya kudai kwamba wanaigiza vita fulani. Ni ugomvi wa mwaka uliopita unaomalizwa. Huko Songea, kumbukumbu ya Maji Maji hufanyika mwezi wa Februari kwa sababu ya watu walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, na wanaokumbuka ni wazao wa walionyongwa. Mifano hii miwili ina jambo moja ambalo Alcoy haina: mchezaji na mfu ni jamaa.

Sasa tuje Kitui. Mhusika anayependwa zaidi na jukwaa la huko ni Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa karne ya 19 ambaye misafara yake ilifika pwani ya Mombasa. Tukio linalochaguliwa karibu kila mara ni lile la mwaka 1849, alipompokea mmisionari Johann Ludwig Krapf nyumbani kwake, na Krapf akaona kwa mbali, tarehe 3 Desemba, kilele cha Mlima Kenya. Katika onyesho moja nililolitazama kwenye uwanja wa shule, kijana aliyemcheza Krapf alikuwa amepakwa poda nyeupe usoni, amevaa kofia ngumu ya karatasi, ameshika kitabu kikubwa. Alizungumza Kiswahili kilichovunjikavunjika, cha "mimi taka ona mulima", na hadhira ilicheka hadi wengine wakasimama. Kivoi alisimama kimya, mrefu, mwenye heshima, akanyoosha mkono kaskazini. Ngoma zikapigwa. Onyesho likaisha.

Kicheko kile kinastahili uhakiki wa makini. Krapf wa historia alikuwa miongoni mwa Wazungu wa kwanza kukiandikia Kiswahili sarufi, na kamusi yake kubwa ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kiswahili kilichovunjika si chake. Ni cha mlowezi na bwana shamba wa miaka ya 1930 na 1940, yule aliyeamrisha kwa vitenzi visivyo na viambishi. Kofia nayo ni ya bwana shauri. Kwa maneno mengine, kijana yule hakumcheza Krapf hata kidogo; alimcheza Mzungu ambaye babu yake alimfanyia kazi. Mhakiki wa kawaida angeliita hilo kosa la kinyakati na kulipunguzia alama. Kwa maoni yangu, hilo ndilo lililokuwa sehemu hai pekee ya onyesho. Kumbukumbu ya familia ilipenya mahali ambapo kitabu cha historia kiliacha ufa, nayo ikaingia kwa mlango wa kichekesho kwa kuwa milango mingine ilikuwa imefungwa.

Kivoi, kwa upande wake, hakuwa na ufa wowote. Alikuwa sanamu. Sababu ni rahisi: karibu yote tunayoyajua juu ya sura na mwenendo wake yametoka katika kalamu ya mgeni wake. Jukwaa linapomwinua Kivoi kuwa shujaa wa Wakamba linamtazama kwa macho ya mtu aliyekuja kuutafuta mlima. Anakuwa mwenyeji aliyenyoosha kidole. Biashara yake, mahasimu wake, watumwa aliokuwa nao, wake zake, hayo yote hayaonekani, na hata kifo chake hakionekani. Nitakirudia kifo hicho mwishoni, kwa kuwa ndani yake mna mchezo ambao bado haujachezwa.

Hapa hatuna budi kumwita mwana wa Kitui aliyeandika zaidi ya wote juu ya wakati. John Mbiti alizaliwa Mulango mwaka 1931, na katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika alitumia maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, kueleza kwamba tukio halisongi mbele kuelekea wakati ujao bali hurudi nyuma, likitoka katika sasa na kuzama katika zamani. Marehemu anayekumbukwa kwa jina na waliomjua bado yumo katika sasa. Akifa mtu wa mwisho aliyemjua, huzama. Mbiti amepingwa sana, na mara nyingi kwa haki, hasa pale alipoufanya wakati wa Wakamba kuwa wakati wa bara zima. Lakini kama nadharia ya maonyesho, sijaona iliyo karibu zaidi na mambo ninayoyazungumzia. Kwa kipimo hicho Kivoi, aliyekufa mwaka 1851, amekwisha kuzama. Hakuna aliyebaki aliyemwona, wala aliyemwona aliyemwona. Jukwaa linamtoa zamani kwa kamba ya maandishi, na ndiyo maana anatoka mkavu.

Kilumi hufanya kazi hiyo kwa njia nyingine. Ni ngoma inayoongozwa na wanawake, hasa wazee, kwa ngoma kubwa zenye mshindo mzito. Huchezwa kuomba mvua, mara nyingi penye ithembo, yaani mahali pa kutolea sadaka, na huchezwa pia kumtuliza mtu aliyepandwa na iimu, pepo wa wafu. Msweden Gerhard Lindblom, aliyefanya utafiti Ukambani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, alieleza kwamba baadhi ya pepo waliowapanda watu walikuwa wa kigeni: Wamasai, hata Wazungu. Tuzingatie maana yake kwa mhakiki wa maonyesho. Katika kilumi, Mzungu hutokea kama pepo aliyeingia mwilini mwa mwanamke wa kijiji. Huulizwa anataka nini, hutajiwa kitu chake, hupewa, huambiwa aende. Kijana aliyepakwa poda alimwakilisha Mzungu kutoka nje. Mwanamke wa kilumi humbeba ndani, kisha humtoa. Sioni kwa nini la kwanza liitwe sanaa ya maonyesho na la pili liitwe imani tu.

Serikali ya kikoloni haikudanganyika katika jambo hili. Mwaka 1911, katika Wilaya ya Machakos ya wakati ule, ambayo ilijumuisha Makueni ya leo, kilumi kiliungana na mahubiri ya kinabii ya Siotune wa Kathuke na mwenzake Kiamba, watu wakaacha kutii amri za kazi, na wawili hao wakakamatwa na kuhamishwa mbali na kwao. Waliowakamata walijua wanachokikamata. Ni wahakiki waliokuja baadaye walioona hapo ngoma tu.

Nilisema kwamba kilumi kinahifadhi historia ya ukame. Hilo linahitaji ufafanuzi, kwa kuwa kilumi hakisimulii. Hakuna mahali ambapo mchezaji husimama akasema mwaka fulani mvua ilikosa. Kinachosimulia ni majina. Wakamba huipa kila njaa jina, na majina hayo ndiyo kalenda ya wazee: mtu huzaliwa njaa fulani, huolewa baada ya njaa fulani. Ile ya mwisho wa karne ya 19 huitwa Ngomanisye, iliyoenea kila mahali bila ya kubakiza. Ile ya mwaka 1984 huitwa Nikw'a Ngwete, maana yake "ninakufa nikiwa nimeshika". Mtu ana fedha mkononi, soko halina chakula. Napenda kulitazama jina hili la pili kama utanzu kamili wa fasihi simulizi. Lina msemaji, lina hali, lina kejeli. Na msemaji wake ni mtu wa kisasa, mwenye mshahara pengine, mtoto wa uhuru, ambaye amekwisha kuamini kwamba fedha ni kinga ya njaa. Ngomanisye ni jina la msiba ulioletwa na mbingu. Nikw'a Ngwete ni jina la msiba ulioikuta dola ikiwapo, na maduka yakiwapo, na barabara zikiwapo. Katika maneno mawili yale mna uhakiki wa siasa kuliko katika maonyesho mengi ya saa nzima.

Na maneno hayo hayajapata jukwaa. Katika maonyesho yote ya kihistoria niliyoyatazama Kitui, njaa ilitajwa mara moja tu, tena ndani ya hotuba ya mgeni wa heshima. Mwaka 2025 sherehe za kitaifa za Siku ya Mashujaa zilifanyika katika uwanja wa Ithookwe mjini Kitui. Siku ya aina hiyo, kwa asili yake, huuliza nani alipigana, haiulizi nani alibaki hai. Mwanamke aliyewavusha watoto wanne mwaka 1984 kwa mizizi na matunda ya mwituni hana vazi la kuvaliwa na mwigizaji.

Kilumi chenyewe huletwa jukwaani, na tukiri kwamba huletwa mara nyingi. Tatizo ni saa. Kilumi nilichokiona kijijini kilianza polepole, kikachelewa, kikavunjika mara mbili kwa mabishano juu ya kitu kilichosahauliwa, kikapata nguvu jua likiwa limekwisha kuelemea. Na mimi niliyekuja na daftari nilikuwa nimechoka kabla ya jambo lolote "kutokea". Kilumi cha jukwaani hupewa dakika zilizohesabiwa, na kengele ya mwamuzi hulia wakati ambapo, kijijini, wapiga ngoma wangekuwa bado wanatafutana. Wachezaji wanalijua hilo, nao wamelitafutia ufumbuzi wa kisanaa: wanaanza mwishoni. Wanaingia wakiwa tayari wanatetemeka. Kwa mtazamaji wa mjini hiyo ni kilumi. Kwa mwanamke mmoja mzee aliyeketi karibu nami katika tamasha mojawapo, ilikuwa ni kichekesho. "Hawa wamepandwa na nani?" aliniuliza kwa Kikamba, naye hakungoja jibu. Pia si haki kuyasahau makanisa, ambayo mengi yamekikataa kilumi kwa muda mrefu, hata ikawa jukwaa la tamasha ndilo mahali ambapo mwanamke wa kanisa anaweza kukicheza bila ya kuulizwa. Kwa hiyo jukwaa linakiua na kukihifadhi kwa wakati mmoja, na sidhani kwamba kuna njia rahisi ya kulitenga moja na jingine.

Kutoka Kitui nilishuka kwa barabara ya lami inayopita Mutomo na Ikutha, ikavuka Mto Athi na kutokea Kibwezi, yaani Makueni. Mambo hubadilika hapa. Makueni ilitengwa na Machakos na kuwa wilaya mwaka 1992, na sehemu yake kubwa ya tambarare ilipata wakazi wa kudumu miaka ya 1940 na baadaye, vichaka vyenye mbung'o vilipofyekwa na familia kutoka milimani zikapewa mashamba kwa masharti. Milimani, Mbooni na Kilungu, ni kwa wakongwe. Na juu ya jiwe la Nzaui ndipo masimulizi ya asili yanaposema kwamba Mulungu aliwashusha watu wa kwanza, nyayo zao zikabaki. Eneo moja basi lina mahali pa mwanzo wa watu wote na mashamba ya watu waliofika juzi. Swali la "historia ya hapa" lina majibu mawili yasiyosikilizana.

Jukwaa la Makueni limelikwepa swali hilo kwa kumkimbilia Syokimau, nabii wa Iveti upande wa Machakos, ambaye husemekana kuwa alitabiri nyoka mrefu wa moto atakayetoka baharini. Reli ilipita hapa mwishoni mwa karne ya 19, na reli mpya ikafuata mwaka 2017, ikiwa na vituo Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Huwezi kulaumu shule iliyo karibu na reli kwa kumwigiza Syokimau. Lakini utabiri uliokwisha kutimia una kasoro kubwa ya kidrama: hauna upinzani. Syokimau husema, watu hushangaa, watoto hupita jukwaani wakiwa wameshikana viuno na kupiga honi, hadhira hushangilia. Tumerudi Alcoy bila ya baruti. Hakuna anayemwuliza nabii nyoka huyo atakula nini.

Mfano wa kinyume upo, nao ni maandamano ya mwaka 1938. Serikali ilipoanza kuwanyang'anya Wakamba wa Machakos mifugo kwa madai kwamba ardhi imezidiwa, na ng'ombe wakapelekwa kwa bei ya kutupa kwenye kiwanda cha nyama cha Athi River, watu zaidi ya elfu moja, wanaume kwa wanawake, walitembea hadi Nairobi mwezi wa Julai wakitaka kumwona Gavana. Walikaa huko wiki kadhaa. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alihamishiwa Lamu, lakini serikali ikaacha kuuza mifugo kwa nguvu. Nililiona tukio hili likiigizwa mara moja tu, Makueni, na kikundi cha watu wazima wasio wa shule. Hawakuwa na maleba. Walizunguka uwanja wakitembea, mwendo mrefu usio na maneno, na watazamaji kadhaa wakainuka wakajiunga. Mwongozaji alichelewa kuwasimamisha. Kwa dakika chache hapakuwa na mpaka kati ya wachezaji na hadhira, wala kati ya ng'ombe wa 1938 na ng'ombe waliokufa katika ukame wa miaka ya karibuni, ambao watu wale walikuwa wakiwazungumzia tangu asubuhi chini ya miti. Kisanaa, onyesho lilikuwa na kasoro tele. Halikuwa na kilele, na hotuba ya Muindi Mbingu ilisomwa kutoka kwenye karatasi kwa sauti isiyofika nyuma. Hata hivyo, ndilo onyesho pekee la kiwanjani katika safari zile ambalo wafu wake hawakutoka vitabuni.

Kwa nini hilo na si la Kivoi? Wapo watakaosema kwamba ni kwa sababu mwaka 1938 uko karibu, na kwamba kwa kipimo cha Mbiti waandamanaji wale ndio kwanza wanazama. Jibu hilo ni sahihi lakini halitoshi. Ngomanisye iko mbali kuliko mwaka 1938, na jina lake bado huamsha watu. Nadhani tofauti ni kwamba mwendo ule ulihusu kitu ambacho mtazamaji bado anaweza kukipoteza.

Narudi kwa Kivoi kama nilivyoahidi. Mwaka 1851 Krapf alikuja mara ya pili, na wawili hao wakaenda pamoja kuelekea Mto Tana. Msafara ulishambuliwa, Kivoi akauawa, watu wakatawanyika. Krapf alibaki peke yake porini. Anaeleza katika kumbukumbu zake kwamba alipofika mtoni alikunywa, kisha, kwa kukosa chombo, akajaza maji katika mfuko wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki. Alipowafikia jamaa za Kivoi, walimlaumu kwa kifo cha ndugu yao, naye akatoroka usiku kwa kuhofia maisha yake.

Hili halimo katika maonyesho niliyoyaona, ingawa limo katika kitabu kile kile kinachotumiwa kwa mwaka 1849. Darubini ni chombo cha kuutafutia mlima, bunduki ni chombo cha kuulia. Vyote viwili vimegeuzwa vibuyu na mtu aliyekumbwa na kiu ya nchi hii. Hapo kwa mara ya kwanza mgeni yumo katika historia ya wenyeji, badala ya wenyeji kuwamo katika historia yake. Kisha inafuata hukumu: jamaa wa marehemu, pengine wanawake wakiwapo, wakimwuliza aliyerudi peke yake kwa nini yu hai. Krapf aliiandika hukumu hiyo upande wake, naye alikuwa mshtakiwa. Upande wa walalamikaji haujaandikwa, na mtunzi atakayeutunga itambidi aamue lugha watakayomhoji, na kama ngoma zitapigwa kabla ya maswali au baada yake.